Kula sandwichi kwenye mgahawa wa mboga tupu mjini: mwongozo kamili

Sandwichi za mboga ziko za namna mbili. Kuna ile ya kuku iliyotolewa kuku: slesi mbili, jani la saladi, nyanya, mayonezi, na bei ambayo haikupungua hata kidogo. Halafu kuna ile ambayo haikuwahi kuwa na nyama tangu mwanzo, iliyotungwa na watu ambao majumbani mwao nyama haijapikwa kwa vizazi na vizazi. Ya kwanza unaipata hoteli yoyote. Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili, na katika miji yetu hiyo inakupeleka moja kwa moja kwenye migahawa ya Kigujarati, yaani ya Wahindi wenye asili ya jimbo la Gujarat: Kisutu na Upanga jijini Dar es Salaam, Parklands jijini Nairobi (anza na jengo la maduka la Diamond Plaza), na mitaa ya katikati ya Mombasa.

Nimemfikiria mtu anayepita nje ya mgahawa huo kila siku, ananusa siagi na masala, anaona ubao uliojaa majina asiyoyajua, anaendelea na safari yake kwenda kununua chipsi mayai. Huenda ni Msabato, au yuko kwenye Kwaresima, au daktari amemwambia apunguze nyama nyekundu, au ana hamu tu. Muislamu naye ana nafuu yake hapa: hakuna nyama ya kuulizia kachinja nani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mboga tupu kweli

Angalia kibao cha nje. Kikisema "Pure Veg", jiko zima halina nyama, samaki wala yai. Hilo la yai huwashangaza wengi. Kwa Wahindi wengi wasiokula nyama, yai liko upande wa nyama na maziwa yako upande wa mboga. Huko India hata sheria ya vifungashio inafuata mgawanyo huo: chakula cha mboga huwekwa nukta ya kijani ndani ya mraba wa kijani, na chenye yai hakipewi nukta hiyo. Utaiona kwenye pakiti za vitafunwa kutoka India zilizopangwa kaunta. Kwa hiyo mayonezi ya hapa haina yai na keki haina yai, lakini siagi, samli, jibini na mtindi vimo karibu kila mahali.

Kibao kisiposema kitu, uliza swali moja tu: "Mafuta haya mnakaangia vyakula vya mboga peke yake?" Mahali panapouza kuku na chipsi, sambusa ya mboga huzama kwenye karai lile lile la kuku, na mashine ya tosti iliyobana sandwichi ya kuku asubuhi ndiyo itakayobana ya kwako mchana. Kwa anayepunguza nyama tu, si neno. Kwa aliyefunga au aliyeiacha kwa imani ni neno kubwa, na muuzaji mwaminifu atakujibu bila kukasirika. Akianza kuzunguka, agiza chai uondoke.

Hatua ya 2: Chagua saa

Saa saba mchana mpaka saa nane, siku za kazi, watu wa ofisini na wa madukani hujaa, na wengi hufuata thali, yaani sinia la wali, chapati, dengu na mboga mbili tatu. Jiko linakimbizana na wali. Sandwichi yako itasubiri. Sandwichi na vitafunwa ni chakula cha jioni, kuanzia saa kumi hivi, wakati karai limewashwa na mikate imeshaletwa. Nenda saa hiyo.

Ukimwalika rafiki Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini ya India, mkutane mapema. Wanaoishika dini yao sana hawali baada ya jua kuzama, na miadi ya saa mbili usiku itamfanya akae akikutazama. Siku za Diwali, mwezi wa 10 au wa 11, usiende bila kuuliza kwanza: huenda mgahawa umefungwa, au unauza peremende na halwa tu.

Hatua ya 3: Soma ubao

Hapa ndipo watu hukwama, basi tukae kidogo.

*Sandwichi ya Bombay.* Mji umebadilishwa jina kuwa Mumbai tangu 1995, sandwichi imebaki na jina lake. Ni ya kuanzia nayo. Mkate mweupe wa slesi hupakwa siagi mpaka pembeni kabisa, kisha chatne ya kijani iliyosagwa kwa majani ya giligilani, nanaa, pilipili mbichi na ndimu. Juu yake hupangwa viazi vya kuchemsha vilivyokatwa duara, bitiruti iliyochemshwa, tango, nyanya na kitunguu, na kila tabaka hunyunyiziwa masala kidogo. Usione siagi ni anasa. Mafuta yake huzuia maji ya chatne na nyanya yasiingie kwenye mkate. Anayekuambia "usiniwekee siagi" kwa kujali afya atapewa kitu kilicholowa kabla hajakaa chini.

Ukiinusa utahisi yai lililochemshwa, na hapo wengine husukuma sahani mbali. Yai halimo. Ni chumvi nyeusi, ambayo ina salfa na imo kwenye masala ya chaat pamoja na bizari nyembamba na unga wa embe mbichi lililokaushwa. Mdomoni harufu hiyo hupotea, unabaki uchachu.

Utaulizwa kama unataka ya baridi au ya kutosti. Ya baridi ina ladha kali zaidi ya chatne. Ya kutosti ina ukoko na viazi vyake vinakuwa laini. Mimi huchukua ya kutosti, na msimu wa mvua, magonjwa ya tumbo yakivuma mjini, nisingemshauri mtu achukue nyingine. Hata hivyo chatne haipikwi, kwa hiyo itazame rangi. Ya leo ni kijani kinachong'aa; iliyolala hugeuka kuwa ya kijivu na ya kahawia.

*Vada pav.* Anayezijua kachori za Zanzibar, zile za viazi vilivyopondwa vikaviringwa na kuchovywa unga wa dengu kisha vikakaangwa, tayari anaijua nusu ya vada pav. Nusu nyingine ni mkate wa skonzi, chatne nyekundu kavu ya kitunguu saumu na pilipili, na pilipili mbichi iliyokaangwa ikawekwa pembeni. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Ashok Vaidya, aliyeuza nje ya kituo cha treni cha Dadar, Bombay, tangu 1966. Ni chakula cha mfanyakazi aliye mbioni: bei ndogo, kinashibisha, kinashikwa kwa mkono mmoja. Kisipokuwa cha moto hakina maana. Ukiona madonge yamepangwa kwenye kabati la kioo tangu mchana, mwambie akurushie jipya kwenye mafuta au uagize kingine.

*Dabeli.* Kama utakula kitu kimoja tu, kula hiki. Kinatoka Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, ambako majahazi yalipakia na kushuka na kaskazi mpaka Zanzibar na Mombasa, na ndiko walikotoka mababu wa wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa pwani yetu. Viazi vilivyopondwa hupikwa na masala yake maalumu, vikajazwa ndani ya skonzi pamoja na chatne ya tende na ukwaju, chatne ya kitunguu saumu, karanga zilizokaangwa na viungo, na punje za komamanga. Kisha skonzi lote hugeuzwa geuzwa kwenye chuma chenye siagi, na kingo zake huchovywa kwenye sev, tambi nyembamba za unga wa dengu zilizokaangwa. Tamu, chachu, kali, laini na ya kukatika menoni, vyote kwa pamoja. Mtu aliyezoea kuona kila mlo lazima uwe na nyama, mpe hii bila kumweleza kitu.

*Pav bhaji.* Si sandwichi hasa, kwani mkate huja pembeni. Mboga mchanganyiko (viazi, njegere, nyanya, pilipili hoho, koliflawa) hupondwa juu ya chuma kipana na siagi nyingi mpaka ziwe rojo, zikaletwa na skonzi mbili zilizokaushwa kwa siagi, kitunguu kibichi na kipande cha ndimu. Iagize ukiwa na njaa ya kweli na meza ya kukalia. Skonzi mbili hazitoshi kamwe. Sema mapema uongezewe ya tatu.

Vilivyobaki ubaoni navipita haraka. Sandwichi ya jibini na masala ni nzuri kwa watoto, ila jibini ikizidi huizima chatne. Sandwichi ya paneer, jibini mbichi ya Kihindi, si mbaya, lakini imewekwa kumridhisha anayetafuta kitu cha kutafuna badala ya kuku. Baga ya mboga achana nayo. Ni ile ile sandwichi ya kuku iliyotolewa kuku, imevaa skonzi, na mpishi anayefanya dabeli safi huipika baga kana kwamba ameamriwa.

Kisha utakuta neno Jain limeandikwa mbele ya baadhi ya vyakula. Wajaini hawali vitu vya chini ya ardhi: viazi, kitunguu maji, kitunguu saumu, karoti, bitiruti. Kuving'oa kunaua mmea wenyewe na viumbe vidogo vilivyomo udongoni. Jamii yao ni ya zamani kwetu. Hekalu lao la marumaru lililoko Mombasa lilifunguliwa 1963. Sandwichi ya Jain huwekwa ndizi mbichi za kuchemsha mahali pa viazi, na mara nyingi mvuje, ambao wao huuita hing, huingia mahali pa vitunguu. Iagize hata kama wewe si Mjaini, hasa kama una mkutano baadaye na hutaki kunuka kitunguu saumu. Na wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, nao hawali vitunguu vyote viwili, ila viazi wanakula, kwa hiyo mgahawa ulio karibu na hekalu lao huenda hauna kitunguu kabisa. Usikiulizie kwa kusisitiza.

Hatua ya 4: Agiza

Sehemu nyingi zina mpango huu: unaagiza na kulipa kaunta, unapewa risiti, unaipeleka mwenyewe kwa anayetengeneza. Ukikaa mezani ukisubiri kufuatwa, utasubiri sana. Sema mambo manne kwa mpigo mmoja: chakula, namna yake, pilipili, na kama unakula hapo.

Kaunta mara nyingi hukaliwa na mama mtu mzima wa nyumba hiyo, ambaye Kiswahili chake ni cha Dar kuliko cha kwako. Msalimie kama unavyowasalimia wazee wengine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Naomba sandwichi ya Bombay moja ya kutosti, pilipili kidogo, na dabeli moja."

"Vitunguu niweke?"

"Weka tu mama."

"Unakula hapahapa au nikufungie?"

Basi, umemaliza. "Pilipili kidogo" itamke wazi, maana usiposema chochote utapewa kipimo cha nyumbani kwao. Na usiseme "bila pilipili kabisa" kwa vada pav wala dabeli. Pilipili ilishapikwa ndani asubuhi, haitoki.

Wenye masharti ya kiafya wana kazi zaidi. Mwenye mzio wa karanga aiache dabeli, aulize pia kuhusu chatne, kwani baadhi husagwa na karanga ili ziwe nzito. Korosho nazo hujificha kwenye rojo za paneer. Asiyeweza ngano hana sandwichi hapa, hilo liko wazi, lakini ajue pia kwamba mvuje wa dukani kwa kawaida huchanganywa na unga wa ngano, hivyo hata bhajia za unga wa dengu si salama kwake mpaka aulize. Asiyekula chochote kitokanacho na mnyama ataje kimoja kimoja: "bila siagi, bila samli, bila jibini, bila mtindi." Kusema tu "sili vya wanyama" hakutatosha, kwa sababu mbele ya mama yule maziwa ni mboga. Sandwichi ya Bombay ya baridi ndiyo rahisi kumtengenezea, alimradi aile papo hapo kabla haijalowa.

Hatua ya 5: Kula

Nawa kwanza, beseni liko nyuma au pembeni ya mlango. Mezani utakuta vibakuli viwili au vitatu. Ya kijani ni kali, ya kahawia ni tamu ya ukwaju na tende, nyekundu ni kitunguu saumu na pilipili kavu. Onja kila moja kwa ncha ya mkate kabla ya kumimina. Wapo wanaomimina tomato sosi juu ya yote. Siwazuii, lakini basi wangebaki kule kwenye chipsi.

Sandwichi ya Bombay hukatwa vipande vinne au sita. Anza na vya katikati, ambavyo vimelowa zaidi. Vya pembeni vina ukoko na vinaweza kungoja. Dabeli ikamate kwa mikono miwili na uiname juu ya sahani, kwa kuwa komamanga zitadondoka tu. Vada pav ibonyeze kwanza kwa kiganja ili donge litandazike, la sivyo utauma mkate mtupu mara mbili kabla ya kukifikia kiazi.

Pilipili ikikushika, acha maji na soda. Kinachowasha ni kapsaisini, na hiyo haiyeyuki kwenye maji. Unaieneza tu mdomoni. Inayeyuka kwenye mafuta, na maziwa huiondoa ulimini. Agiza lassi, yaani mtindi uliopigwa, au chaas, ambayo ni mtindi uliopunguzwa kwa maji ukatiwa chumvi na bizari nyembamba. Chaas ndiyo kinywaji sahihi cha chakula hiki, na kwa joto la Dar es Salaam inakukata kiu kuliko chochote kitamu. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni nzuri pia, ila ulizia barafu imetengenezwa na maji gani. Chai ya masala iache ya mwisho, ukishashiba.

Hatua ya 6: Lipa na ufungiwe

Kwa simu, Tanzania ulizia lipa namba, Kenya ulizia till. Usitume kwenye namba binafsi ya mhudumu, hata akisema mtandao wa mgahawa umegoma. Kenya risiti ina VAT ya asilimia 16, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Tazama kama bei ya ubaoni inavijumuisha, usije ukadhani umepunjwa. Kumwachia chenji anayetengeneza ni hiari yako.

Ukifungiwa, sema "chatne weka pembeni", na kwa dabeli "sev pembeni". Bila hivyo, foleni moja ya Morogoro Road inatosha kuzifanya sev ziwe uji. Mfuko nenda nao: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania bara Juni 2019, na ule wa kitambaa wanaouza kaunta utauongeza kwenye rundo lililoko nyumbani. Sandwichi yenye viazi na chatne mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, ambayo Dar ni hali ya kawaida Februari, saa moja tu. Vada pav ya kubeba usiifungie foili ikiwa ya moto. Mvuke huligeuza ganda lake kuwa ngozi. Karatasi ndiyo yake.

Anayesafiri akifika London, mtaa wa Ealing Road ulioko Wembley una vyakula hivi hivi, vilivyopelekwa na Wahindi waliotoka kwetu, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Huko utakuta hata muhogo wa kukaanga wa pilipili kwenye orodha, umeandikwa mogo, na anayekuhudumia huenda akakuelewa ukiagiza kwa Kiswahili.

Kabla hujatoka, simama pale kaunta kwenye mitungi. Chevdo (mchanganyiko wa vitafunwa vikavu), sev na ganthia (vitafunwa vya unga wa dengu) huuzwa kwa kupimwa. Chukua robo kilo ya chevdo, onjeshwa kwanza kwani kila mgahawa una kiwango chake cha sukari, na uulize ni ya kukaangwa lini. Ya wiki hii inakatika ikisikika. Ikipinda mdomoni, rudisha mkono mfukoni.